Kikombe Kimoja au Jagi Zima

Migwani,
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa mwanangu Nasreen,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, kasoro masikio yangu na hili jua. Ndengu tumevuna, si nyingi, lakini debe lako nimeliweka kando. Jirani yetu Kasiva anakusalimu. Kanisani kwao wamemfanya kiongozi wa akina mama na sasa hana hata dakika ya kukaa. Natumaini mguu wa mumeo Mikail unaendelea kupona.

Usinilaumu kwa kutopiga simu. Simu siisikii mpaka iwekwe sauti ya juu, na ikiwekwa sauti ya juu inasikika mpaka kwa jirani. Nitaandika, nawe uniandikie.

Nina ombi. Wewe unauza vyombo vya umeme hapo Wote, unavijua. Nataka mashine ya kahawa. Babako bila kahawa hajaamka, na baada ya magharibi wanaume wakitoka msikitini wanakaa barazani kwetu, wanane, kumi, na hakuna anayekataa kikombe. Dele la kahawa la shaba alilokuja nalo mamangu kutoka Lamu limetoboka kitako, na fundi aliyekuwa akiliziba ameshafariki. Nataka mashine ya kupika kikombe kimoja asubuhi, na jagi zima jioni. Iwe mashine moja, si mbili. Meza yetu unaijua.

Kuna jambo jingine. Siku hizi kikombe cha babako anakipika kakako Farouk. Tangu arudi nyumbani mwezi wa Novemba hataki mtu mwingine akiguse. Anakipika kwenye sufuria ndogo na mlango wa jikoni ameufunga, eti moshi usiingie sebuleni. Anasema ni kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, kikombe cha babako kisichanganywe na vyetu. Nikamwambia, "Farouk, mimi nimempikia kaka yangu tangu mamako afariki, na sukari sijawahi kumtilia." Akasema, "Pumzika, Shangazi. Umechoka."

Na babako analala. Anakunywa kahawa, analala mpaka adhana ya alasiri inampita. Yeye ambaye alikuwa akimwamsha muadhini. Sijui ni umri. Wewe wasemaje?

Niambie ni mashine gani inatufaa.

Shangazi yako,
Mwanamisi


Wote,
Jumatano, 19 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumamosi, nikaisomea dukani nyuma ya friji ili Mzee Mwau, mwenye duka, asinione nimekaa. Mikail sasa anatembea bila mkongojo, ingawa kazi ya ujenzi bado hajaitwa. Mama mkwe wangu Syombua alikuja kutoka Tawa akatuletea mapapai mengi mpaka tukagawia wapangaji wa ploti nzima.

Kuhusu mashine, nimesoma vitabu vya maelezo, na mbili nimezijaribu hapa dukani. Iko ya vikopo. Unaingiza kikopo kidogo cha plastiki chenye kahawa ndani, unabonyeza, kinatoka kikombe kimoja. Ni safi na ni ya haraka, lakini vikopo utavipata wapi Migwani? Hata Wote havipo. Na wale watu kumi wa barazani utawabonyezea mmoja mmoja mpaka isha iadhiniwe. Iko ya matone. Maji nyuma, kahawa juu ya karatasi ya kuchuja, inadondoka kwenye jagi la kioo, vikombe kumi na viwili. Hiyo ni ya wageni kabisa. Lakini ukitaka kupika kikombe kimoja ndani yake, inatoka kama maji ya kuoshea sufuria. Halafu iko ya kusukuma kwa mkono. Haitaki stima, ila jagi lake ni dogo na kioo chake hakivumilii.

Inayowafaa ni ya pande mbili. Upande wa kushoto una kichujio kidogo cha chuma, unatia kijiko cha kahawa yoyote, hata ya kutwangwa nyumbani, unaweka kikombe chini. Upande wa kulia ni jagi. Kila upande una maji yake na swichi yake. Ni kubwa kama ile redio ya zamani ya Baba, na stima ikipotea hakuna kahawa, lazima mkubali hilo. Mzee Mwau anangoja mzigo kutoka Nairobi mwezi ujao. Mngojee huo.

Kuhusu Baba, wazee hulala. Farouk anajitahidi, Shangazi. Tusimchunguze sana.

Mwanao,
Nasreen


Migwani,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mwanangu Nasreen,

Assalaam aleikum na Ramadhani njema. Saumu zinakwenda, joto si haba. Kasiva hafungi lakini ananiletea uji wa mawele kila jioni, na ananiuliza kama nimesali kana kwamba yeye ndiye imamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuhusu mashine umeandika ukurasa mzima. Kuhusu babako umeandika mstari mmoja.

Nikwambie yaliyotokea. Babako amekataa kuacha kufunga. Farouk amembembeleza, amemletea maneno ya daktari, amekataa. Basi kahawa haipati mpaka magharibi. Na tangu siku ya nne ya mfungo, ikifika saa nane mchana, kaka yangu ni yule yule wa zamani. Anaomba miwani. Anauliza bei ya mbuzi. Jumanne alitembea mpaka barabarani kwa fimbo yake, akarudi amekunja uso.

"Mwanamisi," akaniambia, "ni nani amepima ploti yangu ya barabarani? Nimeona vigingi."

"Farouk alikuja na watu wawili," nikamjibu, "na yule mfanyabiashara Ndululu, anayetafuta mahali pa kujenga kituo cha petroli."

"Nilimkataza mwaka jana. Ile ploti siiuzi."

Jioni hiyo akafuturu, Farouk akamletea kikombe chake. Kabla ya isha kidevu kilikuwa kifuani. Nilipotoka kuosha vyombo nikamkuta Farouk ameshika kidole gumba cha babako, na karatasi iko juu ya goti. Akaikunja haraka. "Ni ya hospitali," akasema. Hospitali gani inachukua kidole cha mtu aliyelala?

Sasa unajua kwa nini naitaka mashine yako. Nitaiweka sebuleni, mezani, ili kahawa ya babako ishuke mbele ya macho yangu, si nyuma ya mlango.

Mambo mawili. Ufunguo wa sanduku la posta la babako anao Farouk. Niandikie kwa sanduku la kanisa la akina Kasiva, yeye ataniletea mkononi. La pili, kila mwanzo wa mwezi Farouk hupokea bahasha ya kahawia kutoka Wote. Nilidhani ni barua zako kwa babako. Je, ni zako?

Nakungoja.

Shangazi yako,
Mwanamisi


Wote,
Jumanne, 8 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Natumaini Idi ilikuwa ya heri. Sisi tulikwenda Tawa kwa Mama Syombua, akatuchinjia jogoo ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Mvua imeanza. Mikail amepata kibarua cha wiki mbili.

Mashine nimeituma leo, imefungwa kwa vipande vya godoro la sponji. Itapokewa dukani kwa mume wa Kasiva. Sikiliza namna ya kuitumia. Siku ya kwanza pitisha maji matupu mara mbili pande zote, ile harufu ya plastiki iishe. Kwa kikombe cha Baba, kijiko kimoja na nusu, usikishindilie. Kwa jagi, vijiko kumi, na tangawizi uitie juu ya kahawa, si ndani ya tangi, itaziba. Jagi usiliache juu ya sahani ya moto zaidi ya nusu saa, kahawa itachacha. Mashine isitoke sebuleni. Hata mkiwa wachache, mpikie Baba kwenye jagi lile lile la watu wote, ni bora zaidi.

Na kahawa yako wewe, Shangazi, jimiminie mwenyewe. Usiondoke ukaacha kikombe mezani kisha ukarudi kukinywa.

Ulikuwa umeniuliza maswali. Mengine tutazungumza tukionana.

Mwanao,
Nasreen


Migwani,
Ijumaa, 2 Mei 2025

Nasreen,

Assalaam aleikum. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika gotini. Kasiva ana homa lakini hakubali kulala.

Mashine ilifika. Ni nzuri, sina la kuilaumu. Siku kumi za kwanza nilimpikia babako mwenyewe, akiwa ameketi anatazama tone kwa tone, na jioni alikunywa kwenye jagi na wenzake. Akachangamka. Akawachekesha barazani. Siku ya kumi akamwita Farouk mbele ya imamu, akamwambia, "Ng'oa vile vigingi." Farouk akasema, "Ndiyo, Baba," kwa adabu kabisa.

Kesho yake Farouk akaamka kabla yangu. Nilipomaliza kusali alfajiri nikasikia mashine inanguruma. Ameshaijua kuliko mimi. Zamani alihitaji jiko na robo saa, sasa anabonyeza upande wa kushoto na kikombe kiko tayari kabla sijakunja mswala. Tena amenisifia: "Nasreen ametufikiria sana." Jumatatu akaihamishia chumbani kwake, akasema soketi ya sebuleni inatoa cheche. Mimi sijaona cheche.

Babako analala tena. Amejikojolea mara mbili. Alianguka alipokuwa akitawadha, goti limevimba.

Na mimi sasa naletewa kikombe. "Umetuhudumia miaka yote, Shangazi. Leo kaa." Anasimama hapo mlangoni mpaka nimalize. Siku nyingine nazuia mdomoni na kutema dirishani. Siku nyingine siwezi.

Bahasha ya kahawia ya Aprili ilikuja siku moja na mashine. Safari hii niliiona kabla yake. Mwandiko wa juu ni mwandiko niliokufundisha mimi, kwenye kibao, ukiwa na miaka mitano. Ndani niligusa vidonge.

Sikuulizi tena. Wewe unajua.

Mwanamisi


Migwani,
Jumatatu, Februari

Nasreen mwanangu

Salaam. Mimi mzima. Mamako ameamka leo akauliza kama umetoka shule. Nimemwambia bado. Farouk ni mtoto mzuri, ananiletea kahawa. Karatasi imeandikwa Alhamisi twende Kitui sote kwenye bodi ya ardhi na babako avae kanzu nyeupe. Nataka kukuomba kitu lakini kimenitoka. Mkono mzito. Kasiva anapeleka hii.

Unitumie mashine ya


Migwani,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mikail ameniambia hapo Tawa mnalala vizuri, na kwamba Mama Syombua anagombana na Baba kuhusu redio. Nilifurahi kusikia anagombana.

Umeuliza kupitia kwake jinsi mlivyotoka nyumbani, kwa sababu hukumbuki. Nitakueleza.

Barua yako ya mwisho niliipata tarehe ishirini na sita Mei. Ilikuwa na mistari saba, na mamangu alikuwa amefufuka ndani yake. Nilimwachia Mzee Mwau funguo za duka. Nilifika Migwani kesho yake saa sita mchana. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka ukumbini, kiatu kimoja mguuni. Nikakuita sikioni, ukafungua macho ukaniita kwa jina la mamangu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mate yanamtoka, amevaa kanzu nyeupe. Alhamisi ilikuwa bado siku mbili, lakini Farouk alikuwa ameanza kumvalisha kwa mazoezi.

Farouk alikuwa chumbani kwake anafuta mashine kwa kitambaa. Hakushtuka.

"Umekuja kuangalia waranti?" akaniuliza.

"Umewapa vingapi?"

"Vya kuwatosha. Ni siku mbili tu, kisha nitaacha. Hakuna aliyekufa, Nasreen."

"Nawapeleka hospitali."

"Wapeleke. Daktari atauliza vidonge vilitoka wapi, nami nitamwambia. Una kazi ya duka, una mume hana kazi, na kipande cha mbele cha ile ploti nilikuahidi wewe. Tukienda polisi tutakwenda wawili."

Nilimwita Kasiva na mumewe, tukawabeba kwa gari lake la mizigo hadi hospitali ya Kitui. Mlikaa siku tisa. Daktari alisema kwa umri wa Baba wiki mbili zaidi za vidonge zingetosha kumuua. Bodi iliahirisha kikao kwa kuwa mwenye ardhi hakuwepo. Polisi walimhoji Farouk wakamwachilia. Amesema Baba alikuwa akijinywea vidonge mwenyewe. Wanachotafuta ni nani aliyevinunua.

Ukurasa unaofuata nakuomba usimsomee Baba.

Mwezi wa Desemba Farouk alinipigia, akasema Baba halali, anatembea nyumbani saa zote, nimtafutie dawa ya usingizi. Yuko mtu wa duka la dawa hapa Wote ninayefahamiana naye, akanipa bila karatasi ya daktari. Nilituma Januari na Februari nikiamini kabisa. Halafu barua yako ya kwanza ikaja, kwamba Baba analala mchana kutwa. Nilielewa, Shangazi. Nilielewa palepale nyuma ya friji, na nikakuandikia habari za vikopo na matone. Nilimpigia Farouk, akasema wewe unazeeka na unamchukia. Nikachagua kumwamini, kwa sababu ya kile kipande cha mbele. Mikail alikuwa mguu umevunjika na tulikuwa tunaogopa kufukuzwa nyumba ya kupanga. Machi nikatuma. Barua yako ya vigingi ikaja. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilidhani nikituma mashine nitakuwa nimefanya kitu. Nikaituma, na bahasha nikaituma, siku moja. Mei ndiyo sikutuma, lakini alikuwa ameweka akiba.

Polisi waliponiuliza, nilisema sijui vilikotoka.

Nimebaki hapa kulinda hati na nyumba. Farouk naye hajaondoka. Tunapishana ukumbini. Anajua kwamba nikisema najitaja, kwa hiyo hana wasiwasi. Kila asubuhi nakuta kikombe cha kahawa mezani, upande wangu, bado cha moto. Ni yeye anayekiweka. Sijakinywa. Lakini juzi nilijikuta nimekishika.

Nifanye nini, Shangazi?

Nasreen


Tawa,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Nasreen,

Assalaam aleikum. Babako anakula. Goti bado, anatembelea fimbo mpaka langoni na kurudi. Kichwa chake ni kizima, ila miezi ile haimo. Anaitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mimi mkono umerudi, waona mwandiko. Syombua ametupa chumba chake yeye akahamia jikoni, na hataki tuzungumzie jambo hilo.

Kwanza, leo hii ukimaliza kusoma, chukua hati ya ploti na nguo zako uende kwa Kasiva. Usilale tena katika nyumba ile. Usinywe kitu, usile kitu, hata maji ya mtungi. Kikombe usikishike hata kwa kukimwaga.

Uliniomba nisimsomee babako ukurasa wa pili. Nilimsomea. Nilifikiri siku mbili, nikaona kwamba amekwisha kufanyiwa mengi akiwa hajui, siwezi kuongeza langu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Alijua ni vya kazi gani?"

"Mwanzoni hakujua. Aliambiwa hulali."

"Mwanzoni mpaka lini?"

"Mpaka barua yangu ya Februari."

"Na Machi?"

Nikaanza kuikunja barua.

"Na Aprili, Mwanamisi?"

"Aprili alituma pamoja na mashine."

Akainamisha kichwa. Syombua akaja akaondoa sahani, akarudi akawasha taa, na yeye bado yuko vile vile. Nilidhani amelala, nikaogopa, nikamtikisa bega. Alikuwa macho.

"Farouk simshangai," akasema. "Tangu udogo akitaka kitu hakioni kingine. Lakini huyu aliambiwa kwa barua. Aliandikiwa kwamba babake anazimika, akasoma, akakunja."

Nikamwambia kwamba ni wewe uliyekuja kututoa. Nikamwambia kwamba bila wewe angezikwa na ile kanzu. Akasema, "Hilo nalijua, na nitalisema pia."

Nami nina langu. Niliujua mwandiko wako tangu mwezi wa Aprili, na badala ya kupiga kelele msikitini nikakaa naandika barua, kwa kuogopa aibu ya nyumba yetu. Nilikuwa namwonea huruma mtoto niliyemlea, na kaka yangu analala. Hilo nimemwambia, na hilo nitaliandikisha.

Alhamisi ijayo, tarehe kumi, Mikail atatuleta Migwani. Saa nne asubuhi tutakuwa kituo cha polisi. Babako ameniagiza nikuandikie mapema na Mikail akuletee barua hii mkononi, ili usije ukasema hukuambiwa. Ukiwa umekwisha kuandikisha kwa kinywa chako mwenyewe, vidonge, mtu wa duka la dawa, miezi yote minne, atakaa na wewe kwenye benchi na atakusikiliza mpaka umalize. Ukiwa hujaandikisha, ataandikisha yeye. Amesema wakimuuliza ni akina nani waliomfanyia haya, atajibu ni watoto wake wawili, na atataja majina yote mawili.

Nilimwomba alitaje moja. Nilimpigia magoti, kwa umri huu. Alininyanyua, akanifuta vumbi, akakataa.

Shangazi yako,
Mwanamisi